Sura ya 6: Upepo wa Kujitengenezea

Injini iliitika nilipovuta kamba mara ya tano, na jambo la kwanza tuliloliona ni majani makavu yakiruka kuelekea upande usio wao.

Boti ilikuwa juu ya nyasi uani kwetu hapa Kissimmee, katikati ya jimbo la Florida. Tezi yake tulikuwa tumeifunga kwa kamba kwenye shina la mwaloni, ili pangaboi likianza kusukuma kamba ikaze, na mizani ya kupimia samaki tuliyoipachika katikati ya kamba itusomee nguvu ya msukumo. Kamba haikukaza. Ililegea, ikajikunja kwenye nyasi, na boti nzima ikaanza kuserereka kinyumenyume kuufuata mti. Majani yaliyopaswa kupeperushwa nyuma yalikuwa yanapita juu ya omo na kwenda kunasa kwenye uzio wa jirani.

"Mjomba, izime!"

Nikaizima. Mpwa wangu ana miaka 14, na tangu tuanze kazi hii yeye ndiye huuliza maswali ambayo mimi nayaona nikiwa nimeshachelewa. "Au pangaboi tumelifunga kinyume?" akauliza. Hata mimi ndivyo nilivyodhani. Tukalifungua, tukaligeuza uso, tukalikaza upya, tukawasha. Boti ikarudi nyuma vilevile.

Chukua skrubu ya kawaida uitazame. Igeuze kichwa chini miguu juu; meno yake bado yanazunguka kuelekea upande uleule. Pangaboi nalo ni hivyo hivyo. Ukiligeuza uso kwa mbele au kwa nyuma, mkato wake haubadiliki. Injini nyingi ndogo za petroli, ukizitazama kutoka upande wa shafti, huzunguka kinyume cha mshale wa saa, na mapangaboi ya kawaida ya ndege za mfano yamekatwa kwa kufuata mzunguko huo. Yanakaa puani mwa ndege na kuivuta. Kwenye boti yetu shafti ya injini inatazama nyuma. Kwa hiyo pangaboi la kuvuta, lilipofungwa pale, lilifanya kazi yake kwa uaminifu kabisa: lilivuta kuelekea nyuma. Tulihitaji pangaboi la kusukuma, lililokatwa kama sura ya lile la kwanza ndani ya kioo. Tulisubiri siku nane lifike, na katika siku hizo nane nilijifunza mengi zaidi kuhusu boti hii kuliko katika miezi miwili iliyotangulia.

Mimi nimezaliwa Pangani, katika nyumba ya mafundi wa mashua. Fundi wa mashua huanza kuyawaza maji: yatapita wapi, yataupiga ubavu vipi, mkuku utayakata namna gani. Nilianza kazi hii kwa mawazo hayo, na ndiyo yaliyonichelewesha. Boti ya pangaboi huanza na upepo, tena upepo wa kujitengenezea. Maji ni sakafu tu ya kutelezea.

Kwanza niondoe utata mmoja. Wamarekani huiita petroli "gesi", na niliposema nyumbani kwa simu kwamba najenga boti ya gesi, dada yangu aliniuliza mtungi nitauweka wapi. Hakuna mtungi. Ni petroli iliyochanganywa na oili, kama ile ya msumeno wa kukatia miti.

Boti zenyewe, zile kubwa za kubeba watu, ukitembea huku utazisikia kabla hujaziona. Zina tumbo bapa lisilo na mkuku, kiti cha nahodha kilichoinuliwa juu ili aone mbele kupita nyasi, na nyuma yake injini ya ndege au ya gari inayozungusha pangaboi ndani ya kizimba cha chuma. Chini ya maji hakuna kitu: hakuna shafti, hakuna pangaboi la majini, hakuna usukani. Ndiyo sababu zinapita kwenye vina vya sentimita chache, juu ya matope, hata juu ya nyasi zilizolowa. Kule Everglades, kusini mwa jimbo hili, kuna nyasi zenye kingo kama msumeno zilizotanda juu ya maji ya kufika magotini, na hakuna boti ya kawaida inayoweza kupita humo bila pangaboi lake kusongwa na majani.

Alexander Graham Bell, yuleyule wa simu, alikuwa na boti ya namna hii pamoja na wenzake huko Baddeck, Nova Scotia, nchini Kanada, mwaka 1905. Waliiita Ugly Duckling. Wao walitaka mahali pa kujaribia injini na mapangaboi ya ndege, na maji yalikuwa uwanja mzuri wa majaribio. Hadithi ninayoipenda zaidi ni ya jimbo la Utah. Mwaka 1943, kwenye hifadhi ya ndege wahamao ya Bear River, wahifadhi walikuwa wanapambana na botulizimu, ugonjwa wa sumu uliokuwa ukiua ndege wa majini kwa wingi. Maji yalikuwa haba mno kwa boti, na tope jingi mno kwa miguu. Wakachukua boti ya alumini ya futi 12 yenye tumbo bapa, wakaipachika injini ya ndege ya nguvu za farasi 40, wakaiita Alligator I. Mwaka 2005, kimbunga Katrina kilipoigharikisha New Orleans, boti za ukoo huohuo ziliingia mitaani kuwatoa watu kwenye nyumba zilizozama. Chombo kilichobuniwa kwa ajili ya bata wagonjwa kilikuja kuokoa binadamu, na kila ninapopiga msasa tumbo la boti yangu ndogo nalikumbuka hilo.

Boti yetu inaongozwa kwa rimoti, na uongozaji wa mbali una umri mkubwa kuliko boti za pangaboi zenyewe. Nikola Tesla alionyesha boti inayoongozwa kwa mawimbi ya redio katika ukumbi wa Madison Square Garden, New York, mwaka 1898, na mwaka huohuo akapewa hataza namba 613,809. Ilikuwa inaendeshwa kwa betri. Sisi tumeongeza moto, moshi na kelele.

Sasa tuingie karakana.

Boti yetu ina urefu wa sm 120 na upana wa sm 50. Tumbo ni plaiwudi ya milimita 4, ubavu milimita 3, na ndani kuna mataruma sita yaliyokatwa kwa msumeno mwembamba. Omo imepinda juu kwa taratibu kama sinia lenye ukingo mmoja ulioinuka, ili ikikutana na wimbi au tuta la nyasi ipande badala ya kujichimbia. Kila kiungo kimeunganishwa kwa epoksi, na nje tumelaza tabaka mbili za faibaglasi. Babu yangu angetia kalafati, pamba na mafuta, na bado mashua yake ingevuja kidogo siku za kwanza hadi mbao zinywe maji na kuvimba. Hapa hakuna nafasi ya kuvuja hata tone, kwa sababu plaiwudi ikinywa maji haivimbi kwa manufaa; inaachana matabaka. Nafasi zote kati ya mataruma tumezijaza povu gumu. Boti ikipinduka, injini inaweza kuzama kichwa chini, lakini tumbo litabaki juu.

Kona zinazounganisha tumbo na ubavu nimezisugua hadi zikawa mviringo. Nilifanya hivyo kwa hofu. Boti ya pangaboi haikati kona kama mashua. Inateleza ubavuubavu kama kobazi kwenye sakafu yenye sabuni, na kona kali ya chini ikishika maji wakati inateleza, boti hupinduka papo hapo. Ukingo wa nyuma kabisa, pale tumbo linapoishia tezini, nimeuacha mkali, maana huko maji yanatakiwa yaachane na boti mara moja, yasiung'ang'anie.

Hesabu ya kuelea ni nyepesi kiasi kwamba nilimwachia mpwa wangu. Sehemu bapa inayolala majini ni kama sm 100 kwa sm 50. Kila sentimita moja ya kuzama inasukuma kando lita 5 za maji, yaani kilo 5. Boti nzima ikiwa na injini, betri na tangi lililojaa ina kilo 10. Basi itazama sm 2. Alirudia mara tatu, hakuamini. Kitu kizito kiasi cha kumchosha mtu kukibeba kutoka garini hadi bwawani kinahitaji maji ya kina cha vidole viwili.

Injini ni ya mipigo miwili, ile mafundi wanayoiita tustroki, yenye ujazo wa cc 26. Imetoka katika familia moja na injini za mashine za kufyekea nyasi. Tuliing'oa kilachi na gamba lake, na mahali pa kilachi tukafunga kitovu cha pangaboi. Kabureta yake ni ya kiwambo, kwa hiyo haijali boti ikiinama au kuruka. Inapozwa kwa hewa, na katika hili pangaboi linalipa fadhila: likiwa nyuma ya silinda, linavuta hewa kupita kwenye mapezi yake muda wote linapozunguka. Mchanganyiko wa mafuta ni sehemu 32 za petroli kwa moja ya oili, yaani karibu mililita 31 za oili katika lita moja ya petroli. Usipime kwa macho. Oili ikipungua, pistoni inakwaruzika. Ikizidi, plagi inavaa masizi na injini inazima katikati ya maji. Tangi letu la nusu lita linatupa dakika 25 hivi.

Pangaboi la kusukuma lilipofika lilikuwa na kipenyo cha inchi 18. Kabla ya kulifunga tulilisawazisha: unalitia kwenye ujiti wa chuma uliolazwa juu ya kingo mbili, unaliacha, na upande mzito unashuka wenyewe. Unasugua bapa zito kidogo kwa msasa laini, unafuta vumbi, unajaribu tena. Ilituchukua jioni nzima. Likikosa usawa hata kwa gramu chache, mtetemo wake utalegeza kila nati kwenye boti, na nati hazilegei kwa zamu. Zinalegea zote pamoja, siku utakayokuwa mbali na pwani.

Hapa naomba msomaji asome polepole. Pangaboi la inchi 18 likizunguka mara 8,000 kwa dakika, ncha zake zinakimbia mita 191 kwa sekunde, karibu km 690 kwa saa. Kwa mwendo huo halionekani. Unaona ukungu tu, na mkono unaweza kuuingiza kwenye ukungu bila kujua. Kizimba ni sehemu ya boti kama tumbo lilivyo sehemu ya boti, na sikumruhusu mpwa wangu awepo tulipowasha kwa mara ya kwanza hadi kizimba kilipofungwa pande zote. Bado tuna sharti moja: hakuna mtu anayesimama ubavuni, kwenye mstari pangaboi linapozungukia. Likivunjika, vipande vyake vitaruka kwa mstari huo. Miwani ya kukinga macho huvaliwa kabla kamba ya kuwashia haijaguswa.

Jambo lililonisumbua zaidi lilikuwa urefu wa msukumo kutoka majini. Boti ya kawaida inasukumwa kutoka chini. Hii inasukumwa kutoka juu, kwenye kitovu cha pangaboi, ambacho kwetu kiko sm 30 juu ya maji, wakati ukinzani wa maji uko chini kabisa. Msukumo wa juu na ukinzani wa chini unafanya kazi kama mtu anayesukuma kabati refu kwa kulishika juu: linataka kuangukia mbele. Tuchukue msukumo wa kilo 5. Mara sm 30, ugawe kwa kilo 10 za boti: ni sawa na kuuchukua uzito wote na kuusogeza sm 15 kuelekea omo. Boti iliyosawazika vizuri ikiwa imetulia itazamisha pua mara tu utakapoipa mafuta. Kwa hiyo tuliipanga ikae imeinua pua kidogo ikiwa tuli. Kitovu cha uzito kiko sm 45 kutoka tezini, na betri nilizisogeza nyuma mara nne kabla sijaridhika.

Halafu kuna kupinda kwa ubavu. Pangaboi likizungushwa upande mmoja, boti hutaka kujizungusha upande wa pili. Kwetu sisi, hilo linaugandamiza upande wa kulia kila unapoongeza mwendo. Tangi na betri vikahamia kushoto. Ukiitazama boti ikiwa imezimwa imelalia kushoto kidogo, unaweza kudhani fundi alikosea. Iwashe, itajinyoosha.

Sukani ni mbili, zimesimama nyuma ya pangaboi moja kwa moja, kila moja ina urefu wa sm 25. Zinageuzwa na sevo moja yenye nguvu, maana upepo unaozipiga si wa kubembeleza. Risiva ya redio tumeiweka karibu na omo ndani ya kisanduku kisichopitisha maji, mbali na injini kadiri mbao zilivyoturuhusu, kwa kuwa cheche za plagi ni redio ndogo zenye fujo na zinaweza kuchafua mawasiliano. Tunatumia mfumo wa gigahezi 2.4. Kazi yake muhimu kuliko zote ni ile tusiyotaka kuiona ikitumika: mawimbi yakipotea, sevo ya mafuta inajifunga yenyewe. Mbali na hiyo tumeweka swichi ya pili inayokata moto wa plagi, kwa sababu waya wa kabureta ukikatika mafuta yakiwa yamefunguliwa, sevo haitasaidia kitu. Kila siku kabla ya kwenda majini tunaifunga boti kwenye mti, tunawasha, na mpwa wangu anazima rimoti makusudi. Injini ikishuka, tunaondoka. Isiposhuka, hatuondoki.

Siku ya bwawani tulikwenda asubuhi mapema, upepo haujaamka. Bwawa lenyewe ni la kukusanyia maji ya mvua, nje ya mtaa, mbali na madirisha ya watu. Huku mamba wa Kimarekani hukaa hata kwenye mabwawa ya namna hiyo, kwa hiyo hakuna anayeingia majini kufuata boti iliyozimika. Tulibeba fimbo ya kuvulia yenye mpira wa tenisi uliofungwa mwishoni mwa mshipi: unautupa kupita boti, unavuta taratibu hadi mshipi uikamate. Kwenye kizimba tulisimamisha bendera ndogo ya rangi ya machungwa. Sheria ya Florida inazitaka boti kubwa za pangaboi zipeperushe bendera hiyo futi 10 juu, zionekane nyasini. Yetu haidaiwi. Mpwa wangu ndiye aliyeitaka.

Mimi niliendesha kwanza, mizunguko miwili, kwa mafuta kidogo. Boti ilikwenda kama ilivyopangwa, pua ikiwa juu ya maji kwa upana wa kiganja. Kisha nikampa rimoti.

Maji ya kifuu bahari ya chungu. Kwa aliye ukingoni lile ni bwawa dogo, kwa anayeshika rimoti ni bahari isiyo na breki. Boti hii haina rivasi, haina nanga, haina usukani majini wa kuushika mkondo. Na tofauti yake kubwa na kila kitu ambacho mtoto ameshawahi kuendesha ni hii: sukani zinakula upepo wa pangaboi. Ukifunga mafuta, upepo unakufa, na sukani zinabaki kuwa mbao mbili zilizosimama. Boti itaendelea kuteleza ilikokuwa inaelekea, uigeuze usiigeuze. Nilikuwa nimemweleza haya mara kumi karakana. Alikuwa anaitikia kwa kichwa.

Mzunguko wa tatu alikwenda mbali, upande wa matete. Nikaona omo inayaelekea moja kwa moja. Nikasikia injini inashuka. Kidole chake kilikuwa kimefanya kile ambacho kidole cha mtu yeyote kingefanya kikiona hatari, kimepunguza. Sukani ziligeuka hadi mwisho, na boti haikugeuka hata chembe. Mita kumi. Mita nane.

"Ongeza!" nikamwambia.

"Mjomba, itagonga!"

"Ongeza!"

Akaongeza. Mlio ukapanda, maji nyuma ya tezi yakachanika yakawa meupe, na tezi ikachapwa kwenda kando kana kwamba mtu ameishika mkia. Boti ikateleza ubavuubavu, zile kona za mviringo zikipita juu ya maji bila kushika, ubavu ukayasugua matete ya kwanza, kisha omo ikawa inatutazama sisi. Ilirudi ikiwa imenyooka, bendera imelala nyuma. Hakuipunguza hadi ilipofika mita chache kutoka ukingoni, na alipoifunga ilipanda kutoka majini, ikateleza juu ya nyasi zenye umande, ikasimama mbele ya viatu vyake.

Mikono yake ilikuwa inatetemeka. Nilichutama nikazigusa nati za kizimba moja moja, zote zilikuwa zimekaza. Yeye alikuwa ameinama upande wa pili, akiyatoa majani ya matete yaliyonasa kwenye bawaba ya usukani.

"Mafuta yamebaki ya dakika ngapi?" akauliza.

Nikaliinamia tangi, nikatazama alama. "Kumi hivi."

Akaishika boti tezini kwa mikono miwili, akaigeuzia omo majini.